Cha Chini, Cha Katikati, Cha Juu

Jumatano, 2 Julai

Trei juani tena. Oveni ya ghala bado mbovu, na fundi wake anasema kesho tangu masika. Basi tunaanika chenga za mwamba uani kama watu wanaoanika dagaa. Zuhura, msaidizi wangu, anamwaga, mimi nageuza, kuku wa jirani tunamfukuza kwa zamu. Sayansi ya mafuta na gesi hiyo, hapa Keko, mgongoni mwa mafundi samani. Upepo wa kusi unatusaidia. Kufika mchana zimekauka.

Majibu ya kundi la kwanza yamerudi kutoka maabara ya nje. Nimeyasoma nimesimama, nikayasoma tena nimekaa. Kaboni juu. Juu kuliko nilivyothubutu kuomba. Nimecheka peke yangu mpaka Zuhura akauliza nani kafunga goli.

Naandika ili nisisahau furaha ya leo ilikuwaje. Miaka mitatu mwamba huu umenisumbua. Ni tope la bahari ya kale lililogandamana likawa jiwe jeusi la matabaka. Mwambatope. Gesi imejibana humo ndani, kama ipo. Hakuna aliyeiona. Tulicho nacho ni hizi chenga tu, vipande vilivyotoka kwenye visima vya zamani vilivyochorongwa kusini. Kazi yangu ni kukadiria gesi ni kiasi gani kabla mtu yeyote hajaigundua. Nikiwaeleza watu hivyo hunitazama kama mganga.

Mzee Mgaya, mkuu wetu wa kitengo, kaimba wimbo wa kanisani kwao Njombe kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake. Hajawahi. Kumbe ana sauti nzuri.

Namba yenyewe siandiki, hata humu. Siri ya ofisi. Ila ni kubwa.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemwambia Baba. Kosa.

Nilimwambia majibu ni mazuri, basi. Leo jioni nimepita Mwenge kumchukua kibandani kwake, wachongaji wote wananipa hongera. Mmoja kauliza kama bomba litapita Mlalakuwa, maana ana kiwanja pale. Mwingine kaniita Mama Gesi. Baba kaketi katikati yao na patasi yake, uso mzito, kama baba wa bibi harusi anayejizuia kucheka.

Njiani namweleza upya. Hatujagundua kitu. Tunakadiria. Na hatutaji namba moja, tunataja tatu: kiwango cha chini, cha katikati, cha juu. Cha chini ni kile ninachoweza kukisema bila kutetemeka. Cha juu ni kama kila kitu kikininyookea. Ukweli upo mahali fulani humo kati.

Baba kasimama kabisa barabarani. "Sasa mwanangu, mteja akiniuliza bei ya kinyago nikamtajia tatu, si ataondoka na ile ya chini?"

Nimemvuta mkono tutoke barabarani. Inaudhi.

Na yeye ndiye wa kusema! Wiki hii kanunua gogo la mpingo akiapa kwamba ni jeusi mpaka moyoni. Kalipasua, katikati tundu tupu, mchwa walishakula wakahama. Kila gogo kwake ni "zima hilo". Tangu niko mtoto. Nampenda sana, ila kwa kukadiria ni hatari.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Sikukuu. Zuhura kanivuta mpaka viwanja vya maonyesho. Vumbi, maspika, mishikaki, watoto wenye maputo. Nimekula ndizi za kuchoma mpaka nimeona aibu.

Kwenye banda la majiko kijana anawaonyesha watu jiko jipya. Kafunua sufuria, kaonja maharage ya juu, kasema yameiva. Kachimba kwa mwiko, kaonja, kasema ya chini bado mabichi. Watu wakamzomea. Mama mmoja kasema hilo jiko limelaaniwa, chini ndiko kwenye moto.

Nimecheka na wengine. Halafu nikaacha. Ndivyo unavyofanya mwamba wangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimerudia majibu yote, mstari kwa mstari.

Mwamba ili utoe gesi unahitaji mambo mawili. Uwe na kaboni ya kutosha, ile iliyobaki kwa viumbe vya kale. Na uwe umeiva, yaani umezikwa kina kirefu mpaka joto la ardhi likaupika. Wa kwetu umezikwa kina kirefu. Matabaka ya juu yake yameiva. Wenyewe, ulio chini yake, maabara inausoma mbichi. Kaboni nyingi lakini mbichi kabisa, kama ya kitu kilichokufa juzi.

Nimempelekea Mzee Mgaya. Kasema mashine hazikosi kuyumba kwenye kipimo cha kuiva, kaboni ndiyo inayotubeba, kikao cha tathmini ni tarehe 24, tusijitafutie maneno. Kasema kwa upole wake wote. Angenifokea ningeelewa.

Nimerudi mezani nikapiga droo teke. Droo haijambo. Kidole ndicho kinalalamika.

Niandike kinachonitia hofu, kisha nipumue. Kanuni yetu haina huruma. Mwamba lazima uwe na kaboni sehemu mbili katika mia, au zaidi. Ukishuka hapo, unaondolewa kwenye tathmini. Haukadiriwi tena. Na kile kisima cha utafiti kilichopendekezwa, cha kutoa nguzo nzima ya mwamba kutoka chini, hakichorongwi. Nakitaka kile kisima. Mwamba huu unatokeza mtoni kwa bibi yangu kusini, tulikuwa tunachukua vipande vyake kuchorea kwenye baraza yake na kufukuzwa. Miaka yote nimeuona vipandevipande. Nataka kuuona mzima.

Alhamisi, 10 Julai

Leo. Jamani, leo.

Nimeweka chenga chini ya hadubini. Si zile zilizosagwa, bali zilizobaki mfukoni kama zilivyo. Vipande vya kijivu, vyeusi, sawa. Na katikati yake nyuzi. Fupi, laini, rangi ya chai ya maziwa. Nikakuza zaidi. Vitundu vimejipanga mstari. Sikuhitaji kitabu. Nimekua nikifagia vumbi hilo chini ya benchi la Baba.

Mbao.

Mbao ndani ya tope la bahari. Kwanza nikadhani nimegundua msitu wa kale uliozama. Nilifurahi kweli, nikaanza hata kuwaza jina la msitu. Halafu nikasikia mlio nje. Mashine ya msasa ya Fundi Shabani, mtengeneza vitanda, ng'ambo ya ukuta wetu. Upande wa kusi.

Nimetoka uani taratibu. Trei zetu juani. Juu yake vumbi laini linashuka bila haraka, jua linalipiga, linang'aa. Zuri kabisa. Linatua kwenye chenga zetu kama sukari kwenye maandazi.

Nimekaa kwenye ndoo nikacheka mpaka machozi. Zuhura kaja, nikamwonyesha, kacheka naye. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Tangu kusi lianze tumekuwa tukianika pale. Kundi zima tulilopima limekaushwa pale. Nimekadiria gesi ya vitanda vya Keko.

Naogopa. Tukiondoa mbao, hatujui kama chini yake kuna kitu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Mgaya na bakuli la maji ya chumvi kali. Sikuweza kuanza na maneno. Nikamwamkia, nikamwaga chenga mbele yake, nikakoroga. Mawe yakazama. Juu ya maji ukaja utando wa hudhurungi, ukazunguka, ukatulia. Ukutani mashine ya Shabani ikawaka wakati huohuo, ungedhani nimempigia simu.

Mzee katazama bakuli. Katazama dirisha. Najua namba kubwa alishaitaja kwa wakubwa, kwa mdomo wake, akitabasamu. Kavua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akakunja mikono ya shati. Kauliza kama tuna mabakuli mengine.

Ningemkumbatia. Haifanyiki, ni mkuu wangu na ni mtu wa makamo. Nilikwenda kuleta mabakuli.

Mpango: kuosha kila kilichobaki mifukoni, kuchambua kwa mkono, kukausha ndani, kupeleka kwenye maabara ndogo ya hapa jijini ambako Zuhura ana rafiki. Kama watatupa nafasi, majibu yatawahi kikao. Kama hawatatupa, itabidi tuutoe mwamba kwenye tathmini sisi wenyewe. Mzee kalisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa. Nimeitikia kwa sauti ya kawaida kabisa. Wote wawili waongo.

Fundi Shabani kachungulia juu ya ukuta, kikombe cha kahawa mkononi.

"Sista, mbona mnaosha mawe? Kuna msiba?"

"Braza, vitanda vyako vimeingia kwenye ishu za taifa," Zuhura akamjibu.

Tulipomweleza kasikitika, halafu kajivuna kidogo, halafu kaomba kuangalia kwenye hadubini. Nimemfungulia geti. Katazama muda mrefu. Kasema ule ni mkongo, siyo mninga, wa kitanda cha mteja wa Mbagala, na kwamba mteja huyo msumbufu mpaka kwenye mawe anafuata watu. Kaahidi trei zikiwa nje yeye hawashi mashine. Nikamwambia asihangaike, trei hazitoki tena.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzima kuchambua. Kitambaa cheupe mezani, kibano, chenga moja moja. Nyeusi yenye matabaka, kulia. Nyingine zote, kushoto. Kama kuchambua mchele wenye mawe, ila hapa mawe ndiyo tunayoyataka. Zuhura anaimba singeli, vidole vinakimbia na mdundo, na hakosei. Mzee Mgaya kavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna aliyemcheka usoni.

Baba kaja na chakula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na maneno. Kataka kuona huo mti ulioingia kwenye gesi yangu. Kainama kwenye hadubini, kisha kainuka na uhakika wake wote.

"Mpingo huu."

"Baba, ni mkongo. Fundi mwenyewe kasema."

"Fundi wa vitanda anajua nini? Mpingo."

Mti wowote mzuri kwake ni mpingo. Zuhura kacheka mpaka kibano kikamdondoka. Tumekula wote kwenye meza moja na Mzee Mgaya, wazee wawili wakibishana kama mahindi ya Njombe ni matamu kuliko muhogo wa Newala. Nimewatazama nikasahau hofu kwa muda mrefu kabisa. Siku nzuri. Siku nzuri sana, hata mwamba ukitoka bure.

Sijamwambia Baba kwamba huenda ukatoka.

Jumatano, 16 Julai

Maabara imepokea. Foleni. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 18 Julai

Bado. Nimefagia ghala lote. Nimeziba madirisha ya kusi kwa magunia, Zuhura kasema tunaishi ndani ya gunia la mkaa. Nimegombana na fundi wa oveni kwa simu. Nimeota chenga zinaelea, zote, hata za kweli. Mzee Mgaya haimbi.

Jumatatu, 21 Julai

Yamekuja!

Zuhura ndiye aliyepokea. Kaniita kutoka getini, "Da Fidea, kaa kwanza." Sikukaa.

Kaboni imeshuka. Imeshuka hasa. Sampuli chache za ukingoni mwa bonde la kale lenye mwamba wetu ziko chini ya mbili, kwa hiyo ukingo wote tumeupoteza, eneo limenywea. Zilizobaki, za katikati ya bonde, ziko juu ya mbili. Si kwa mbali. Lakini juu. Nimehesabu kwa kidole kama mtoto, nikamwambia Zuhura ahesabu, nikamwambia Mzee ahesabu. Mzee kahesabu kwa Kibena, kasema hivyo hakosei.

Na kuiva! Kipimo cha kuiva kimekaa sawa. Mwamba wa chini umeiva kuliko wa juu yake, kama inavyotakiwa. Ubichi wote ulikuwa wa kile kitanda. Mti uliokatwa juzi utaivaje?

Nimekaa na hesabu mpaka jioni. Cha juu kimeanguka, hakifiki hata nusu ya kile tulichokuwa tunakiimbia. Cha katikati kimeshuka. Ila cha chini kimepanda. Zamani cha chini kilikuwa karibu na sifuri, kwa sababu mwamba mbichi hautoi gesi na ilibidi niache nafasi ya kutoka bure. Sasa umeiva, na sina sababu ya kushuka mpaka kule. Namba zangu tatu zimesogeleana. Nimezitazama nikasikia raha ambayo ile kubwa haikunipa. Ile nilikuwa naisema huku nakwepa macho ya watu.

Mzee Mgaya kaanza ubeti wa kwanza mlangoni. Kaumaliza kwenye kiti.

Jumatano, 23 Julai

Kesho kikao. Hofu imerudi na nguo nyingine. Watathmini watatu wa nje, wote wakubwa zangu kwa umri, na wote walishaisikia namba kubwa. Wanaweza kusema mwamba uliochafuka haufai, tuuache mpaka sampuli mpya zipatikane. Sampuli mpya zitatoka wapi bila kisima? Nimeyapanga majibu, nimeyapangua.

Nimemwambia Baba ukweli. Nimemwambia kibandani kwake, wengine wakiwa wameondoka. Kwamba namba imepungua sana. Kwamba kesho wanaweza kuiondoa kabisa.

Alikuwa anapiga msasa pua ya kinyago. Kaendelea kupiga. Kisha kauliza, "Sasa watu nitawaambiaje?"

Imeniuma. Ndiyo, imeniuma, sifichi. Nilitaka aulize mimi nitakuwaje. Nikamjibu mkato, awaambie ukweli. Kafunga kibanda. Tumerudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na mkate niliomnunulia nikausahau kibandani.

Alhamisi, 24 Julai

Baba kaamka mapema kuliko kawaida, kaniandalia chai, kaitia tangawizi nyingi mno. Ndiyo samahani yake. Nimeinywa yote.

Kikao kina desturi yake, na ndiyo niliyokuwa naiogopa. Hakuna kujadili kwanza. Kila mtu anaangalia takwimu zilezile, anaandika namba zake tatu kwenye kipande cha karatasi, anakunja. Kisha zinasomwa, na anaanza mdogo. Kwetu mzee akishataja ya kwake, nani atanyanyua mdomo? Wote watamfuata, tena kwa heshima. Kwa hiyo mdogo anatangulia. Shikamoo zinapita kutoka chini kwenda juu, na namba nazo hivyohivyo. Kati ya wanaokadiria, mdogo ni mimi.

Nimesoma. Sauti imetetemeka kwenye cha chini, ambacho ndicho hakitakiwi kutetemesha mtu.

Mama mmoja wa nje, mhadhiri mstaafu, mkali, shanga za miwani shingoni, kanikatiza. Kasema walisikia namba nyingine kabisa. Kasema yote hayo yamekwenda wapi?

Nimesema, "Yamekwenda Mbagala, mama. Ni kitanda."

Sikupanga kujibu hivyo. Imetoka tu. Halafu nikaeleza, tangu oveni mpaka bakuli la chumvi. Mzee Mgaya kaleta bakuli lenyewe, alikuwa kalificha chini ya meza, mjanja. Kakoroga mbele yao. Yule mama kashika tumbo, kacheka mpaka miwani ikaruka. Kasema amefanya kazi hii maisha yake yote na hajawahi kukadiria samani.

Kisha wakasoma wao. Wa kwanza, karibu na mimi. Wa pili, chini kidogo. Yule mama, cha chini chake kiko juu ya changu. Juu! Wa mwisho Mzee Mgaya, na nilishika ukingo wa meza, kwa sababu yeye ndiye aliyeitaja ile namba kubwa kwa wakubwa, na kurudi nyuma ni kazi kwa mtu wa umri wake. Kafungua karatasi yake taratibu. Cha juu chake kilikuwa chini ya changu.

Mwamba umebaki kwenye tathmini. Eneo dogo, namba ndogo, ila imebaki. Kisima kimebaki kwenye mapendekezo. Oveni mpya ni sharti la kwanza la kikao, limeandikwa rasmi, kabla ya kitu kingine chochote.

Tulipotoka Fundi Shabani alikuwa getini na mafundi wenzake, wanasubiri matokeo kama ndugu wa mwanafunzi. Zuhura kawanyooshea kidole gumba. Wamepiga vigelegele, wanaume wazima. Mzee Mgaya kanipa kifuko kidogo cha chenga safi, ziada ya zile tulizochambua, kasema niweke kumbukumbu. Nimefurahi mpaka nimeishiwa maneno, na mimi siishiwi.

Jumapili, 27 Julai

Misa ya kwanza, kisha Mwenge na Baba. Kibanda kimetulia, wateja wachache. Kifuko changu cha chenga kiko kwenye mkoba, nimezunguka nacho tangu Alhamisi.

Jirani yake, yule mwenye kiwanja Mlalakuwa, kapita akauliza gesi ya binti imefikia wapi. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu. Baba hakuacha kufuta mikono yake.

"Unataka cha chini, cha katikati, au cha juu?" kamuuliza.

Jirani kasema yeye anataka ile ya kweli.

"Ya kweli hakuna aliyeiona," Baba kasema. "Kaa nikueleze."

Kamweleza. Kakosea sehemu mbili, sikumsahihisha. Jirani kaondoka anakuna shingo.

Kisha Baba kavuta gogo jipya la mpingo kutoka chini ya benchi. Ganda jeupe nje, weusi unaonekana kwenye ncha zote mbili. Katikati hakuna ajuaye. Nilingoja aseme "zima hilo". Hakusema. Kanipa chaki. Kasema nimwekee mistari mitatu, weusi mzima utafika wapi ukimbana, utafika wapi ukienda kawaida, na wapi ukimwonea huruma.

Nimelizunguka gogo. Nimeligonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza, nikaligonga tena. Nimechora wa chini karibu na ncha. Wa katikati. Wa juu nimeuchora kwa ukarimu kidogo, leo ni Jumapili. Kaikagua mistari yangu kama fundi anayekagua ya mwanafunzi, kaitikia kwa kichwa, akashika msumeno.

Vumbi jeusi likaanza kushuka. Nilihamisha mkoba wangu upande ule upepo unakotoka, nikakaa kusubiri.